Tupa ya Mashoto

2 Machi

Mwanangu, Mama Breki-Hapana,

Hujambo? Na magoti hayajambo? Naanza na magoti maana ndiyo yanayofika chini kabla yako. Huku tu wazima, isipokuwa mama yako ana kikohozi anachokataa kukiita kikohozi. Anasema ni vumbi tu.

Yale ya uvumi yamekuwa kweli. Kiwanda chetu cha krenki za baiskeli kimeungana na wale jamaa wa breki na magurudumu, wale tuliokuwa tukiwacheka miaka yote. Meneja alipanda juu ya kreti akatutangazia kwamba sasa sisi ni familia moja. Wahenga walituambia fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia wakipatana wanalala wapi. Wanalala juu ya nyasi zilezile.

Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo ni krenki mpya ya baiskeli za kushuka milima, yaani ya watu wenye wazimu kama wewe. Mkono wa pedali ni mwepesi, kuushika raha. Ila unafuliwa kwao, kwetu unakuja kupakwa rangi na kutiwa kwenye boksi, basi. Na unakuja umenona pembeni! Unajua krenki zetu zilivyokuwa: zinatoka kwenye mashine na nyama ya ziada ya chuma, mimi Mashoto naiondoa kwa tupa, kwa huu mkono wangu wa kushoto, mpaka krenki inabaki safi. Hawa wanapaka rangi juu ya nyama. Uvivu mtupu. Meza yangu wameisukuma pembeni karibu na ndoo za rangi, lakini hawajaiondoa.

Je, timu yenu ya kiwanda nayo wataiunganisha na yao?

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo. Magoti hayajambo, yanakuamkia. Mpe mama pole ya vumbi lake.

Ndiyo, timu mbili zinakuwa moja, na nafasi ya mwanamke ni moja. Tuko wawili: mimi na yule wao, mrefu, asiyecheka hata akishinda. Wametuambia mashindano ya mwezi ujao ndiyo yatakayoamua. Atakayetangulia chini anabaki, mwingine anashukuriwa kwa mchango wake. Nina miaka ishirini na tisa, baba. Nikishukuriwa sasa, hakuna timu nyingine itakayonichukua. Sijui kazi nyingine, na sitaki kuijua.

Lazima tupande krenki mpya, ni amri. Mwenzangu zake zimetoka kwenye boksi. Mimi nakuomba usinipe za boksi. Tangu baiskeli yangu ya kwanza sijawahi kukanyaga krenki ambayo haikupita kwenye tupa yako, na sitaki kuanza siku hiyo. Nitengenezee zangu.

Binti yako

20 Machi

Mama Breki-Hapana,

Natumai barua inakukuta mzima na bado una meno yote.

Mzigo ndio huo. Nilichukua jozi kabla haijapakwa rangi, nikasubiri wenzangu waende kula, nikaibana kwenye jiliwa. Nikawa kama mtu aliyekuwa amefungwa mikono muda mrefu akafunguliwa. Nimeiondolea nyama yote ya pembeni, nikapitisha msasa, nikapaka rangi mwenyewe. Imekuwa nyepesi kuliko ya huyo mrefu wenu, na laini ya kumpa mtoto achezee. Mama yako ameishika akasema inapendeza, na unajua mama yako hasifii chuma.

Nenda ukawaonyeshe hao ndugu zetu wapya kwamba kwetu kuna watu. Ukifika chini wa kwanza, niandikie siku hiyohiyo.

Baba yako

2 Mei

Mwanangu,

Pole. Nimeandika mara mbili hukujibu, sasa mama yako amerudi kutoka hospitali kwako na nimejua kwa nini. Ameniambia umelazwa na vyuma gotini. Ameniambia krenki ya kushoto ilikatika kwenye ule mruko wa mwisho, ukiwa umeshamwacha mwenzako nyuma. Nilikaa chini sakafuni, mama yako akadhani nimeanguka.

Unaendeleaje? Unakula? Wanakupa dawa ya maumivu ya kutosha?

Sikiliza. Sitanyamaza. Nimewaambia kiwanda kizima kwamba chuma chao ni kibovu. Nimesimama mbele ya msimamizi mpya, nikamwambia binti yangu amevunjwa na krenki zenu, na yeye akaangalia viatu vyake. Krenki ya mkono wangu haijawahi kuvunjika chini ya mtu. Nataka na wewe useme. Wakija kukuuliza, waambie ukweli, wakulipie matibabu, wakuwekee nafasi yako. Usiwaogope.

Baba yako

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimetoka hospitali. Goti halikunjiki, na daktari ameacha kusema "bado".

Walikuja, wakauliza, nikajibu. Yamekwisha. Timu imemchukua mwenzangu, matibabu nimeambiwa ni juu yangu. Nimepanga chumba nyuma ya duka la baiskeli, na mwenye duka ananipa kazi ya kuziba pancha na kunyoosha rimu. Kazi ya kukaa. Naiweza.

Nakuomba kitu kimoja. Usiende tena kwa msimamizi. Usiseme chuma ni kibovu. Nilianguka, baba, watu wanaoshuka milima wanaanguka. Nyamaza, ufanye kazi yako mpaka siku yako ya kustaafu, umtunze mama. Kama unanipenda, nyamaza.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi leo. Mama yako hajambo.

Jumatatu msimamizi alitukusanya sote. Ametundika ukutani, juu ya meza yangu kabisa, krenki iliyokatika, tuione kila siku. Akasema: hii ndiyo ile iliyomvunja mchezaji wetu, na mjue si kosa la kiwanda. Akasema ule ukingo mnene wa pembeni si uchafu, ndio uti wa mgongo wa krenki. Umefuliwa kwa kipimo chake cha mwisho, haupunguzwi. Akasema mchezaji mwenyewe alikiri kwamba aliupiga tupa akitafuta wepesi. Vijana wakacheka, mmoja akasema tamaa mbele, mauti nyuma.

Nikasogea nikaitazama. Pale ilipokatika rangi imebanduka, na alama za tupa ambazo msasa haukuzimaliza zilikuwa zimelala kuelekea kulia. Wenye mkono wa kulia wanazilaza kushoto. Wewe unatumia kulia.

Kwa nini hukuniambia? Kwa nini uliniacha nipige kelele karakana nzima, nikijisifia mkono huuhuu? Mimi ndiye niliyekuvunja. Nimeliandika hili mara nyingi, nikachana. Hii siichani.

Baba

14 Julai

Baba yangu,

Shikamoo.

Nilijua siku ileile fundi wa timu aliponiletea vipande kitandani. Nilizitambua zile alama kabla hajafungua mdomo. Ningesema nini? Baba yangu ameiba jozi kabla ya rangi akaichonga? Wangekufukuza siku hiyo, bila kiinua mgongo, baada ya maisha yako yote pale. Mguu ulikuwa umeshakwenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliona bora apotee mmoja.

Na niliomba mwenyewe. Usisahau hilo. Nilikuandikia, "nitengenezee zangu."

Nitakuambia ukweli maana tumeufikia. Hasira ninayo. Asubuhi nikivaa suruali ninayo, na jioni nikipanda ngazi ninayo. Lakini nimekukumbuka kuliko ninavyokasirika. Njoo. Duka liko mkabala na kituo cha mafuta, mimi huwa mlangoni maana ndani kuna giza. Ukija niangalie usoni. Ukianza kuangalia mguu sitaweza.

Mwanao

26 Agosti

Mwanangu,

Natumai u mzima. Mama yako anakusalimu, kikohozi kimezidi.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia ni mimi. Nilimwonyesha mkono, nikamwonyesha alama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo hayo yameshafungwa na kampuni haitayafungua. Akaniambia pia, kwa upole kabisa, kwamba idara yetu ya rangi inahamia kwao mwezi ujao na sisi sote tunaachishwa. Kiinua mgongo kinafuata mkataba mpya wa familia moja, yaani hakuna. Kwa hiyo hata kile ulichokilinda kwa mguu wako hakikuwepo.

Na nilikuja kwako, Jumamosi ile ya mvua. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta. Ulikuwa mlangoni kama ulivyosema, umekaa juu ya ndoo, mguu umenyooka mbele kama wa mtu mwingine, unakaza gurudumu. Niliapa njia nzima kwamba nitakuangalia usoni. Nikaangalia mguu. Nikajaribu tena, nikaangalia mguu. Basi nikageuza, nikapanda basi la kurudi. Nisamehe, mama. Sikuweza.

Baba yako

3 Septemba

Baba,

Shikamoo.

Nilikuona. Nilikuona tangu uliposhuka kwenye basi, na lile koti lako. Lile gurudumu lilikuwa limeshakazwa zamani, nilikuwa nalizungusha tu, ili upate muda wa kuvuka barabara.

Nilishaazima kiti cha mwenye duka, nikakiweka ndani kwa ajili yako. Jioni nilimrudishia.

Mwambie mama anywe maji ya moto. Usije tena.

Mwanao