Simu Kuhusu Bastola ya Alain

Jumatatu, 3 Machi
Kusuka tangu asubuhi. Mgongo haufai tena. Lifti ya jengo imekufa, ghorofa zote za hapa South Beach nazipanda kwa miguu. Alain amepita saluni akitoka Jacobs, anakolinda geti la kiwanda kwa rungu. Anaomba leseni ya bastola, apandishwe cheo. Polisi huwauliza wanaomjua mwombaji. Kaandika jina langu.
“Marraine, weye njo unatujua. Utasema tu bien, mazuri tupu.”
Mimi niliwasimamia harusi, yeye na Riziki. Kwetu marraine husikiliza ugomvi wa ndoa na hatoi neno nje. Ndiyo maana kanichagua. Mjanja.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemsuka Riziki. Kovu bado lipo nyuma ya sikio. Mwaka jana Alain alimpiga kwa chupa. Waliletwa kwangu, si polisi. Alain akalia, akaapa, tukaomba. Serikali haina rekodi yoyote. Rekodi ni mimi.

Alhamisi, 20 Machi
Kimya. Ofisi ya leseni haina pesa, kompyuta zimelala. Alain anafoka kwamba ni haki yake. Sibishi, majambazi wa Jacobs hawaogopi rungu. Lakini mimi ninayeitukana serikali kila lifti ikifa, sasa naomba iendelee kufilisika.

Jumatano, 9 Aprili
Redio: serikali imetoa pesa, maombi yote ya silaha yaliyokwama yatachunguzwa. Alain kaleta soda. Riziki kacheka kwa mdomo tu.

Jumanne, 22 Aprili
Polisi amepiga simu nikiwa na mteja. Mpole. Anasoma maswali moja moja. Amewahi kumpiga mtu? Eish. Nikaweka kitana mezani. Nikasema: mke wake. Nikasema yote.
Mistari ya nywele za mteja imepinda. Naogopa.

Ijumaa, 16 Mei
Alain amenyimwa leseni. Amesimama mlangoni, hakunisalimu. “Weye si marraine tena.” Akaondoka. Nimempigia Riziki papo hapo: usiende nyumbani, njoo kwangu. Akakata simu. Sijala.

Jumapili, 18 Mei
Kanisani hakuna aliyekaa benchi langu. Sawa.
Mchana mlango umegongwa. Riziki, na begi. Kapanda ngazi zote. Amekaa chini, kichwa magotini pangu.
Nimeanza kumfumua nywele.