Bawa Tulilolizika Ihembe

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana hata ulipokuwa hai ulikuwa mvivu wa kuitikia. Leo ni wiki ya saba tangu tukuzike hapa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, ubavuni mwa Kaka Evodi kama ulivyotaka. Kaburi lako linatitia, nimeshaongeza udongo mara mbili. Mama anakula kidogo, na akikasirika ananiita kwa jina lako.

Mengine ni yale yale, au mabaya zaidi. Migomba ya bondeni imenyauka yote. Miti ya kilimani uliyokuwa ukiilinda kwa matusi imekwisha. Wakimbizi wameikata kuni, na siwalaumu, mtu lazima apike. Juzi tumezika tena kwa jirani, kijana wa pili nyumba ile ile, ugonjwa ule ule. Lakini si hayo yaliyonishikisha kalamu. Nilikudanganya, Tata, na ukafa ukiuamini uongo wangu.

Unakumbuka likizo ya mwisho ya Kaka, kabla ya vita na Waganda? Katoka Uchina kusomea urubani, kaja na redio na maneno mengi. Ukamuuliza ndege isiyo na pangaboi inakwendaje. Akakueleza kwamba inavuta hewa mbele, inaichoma kwa mafuta kama haya ya taa, halafu moto unatoka nyuma kwa nguvu na wenyewe ndio unaoisukuma. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Kumbe inajamba hadi Bukoba." Mama alikutimua uani. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ile alitusomesha sana. Alisema Wajerumani na Waingereza ndio waliozianza ndege za namna hiyo, kwenye vita vyao vikubwa, na nyingi za mwanzo mabawa yake yalikuwa yamenyooka tu kama ubao. Baadaye wakayarudisha nyuma kama ya mbayuwayu ili zikate hewa vizuri. Warusi wakaunda ya kwao, wakapambana nayo na Wamarekani huko Korea, kisha Wachina nao wakaunda za namna ile ile. "Umri wake umenizidi mimi, Tata," alisema. "Wakubwa wameshazichoka, wakatugawia sisi. Na Waganda wanazo, wamepewa na Warusi. Ukizibandua rangi, ni mapacha." Alikuwa anacheka. Nami nilicheka, mjinga mkubwa.

Vita vilipoanza sisi tulikuwa tunajitupa kwenye mfereji wa migombani kila tukisikia ngurumo. Wewe ulisimama katikati ya mibuni, unapunga kofia. Ulizipungia zote, Tata, hata zile zilizokuwa zinakwenda kuwapiga wenzetu, kwa sababu huenda hii ndiyo ya Evodi.

Kisha akaja yule afisa wa jeshi, akakaa kwenye kigoda chako, akasema neno moja: hakurudi. Hakuja na mwili, wala shati, wala kiatu. Wazee wakashauri tuzike shina la mgomba badala yake, ndivyo afanyiwavyo mtu aliyepotea. Ukawajibu, "Mimi sikuzaa mgomba." Tangu hapo ukaacha kula.

Siku ya tisa nikasikia kuna ndege imeanguka ng'ambo ya Kyerwa, kwenye malisho. Nilitembea siku mbili. Nilipofika, wachungaji walikuwa wameshaigawana. Mmoja alikuwa anafua upawa, mwingine anachonga kitana, na mama mmoja alikuwa ameziba paa lake kwa ubavu mzima wa ndege ya vita. Niliomba, nikalia, wakanipa kipande cha bawa chenye urefu wa mkono, pamoja na kifuniko kidogo chenye maandishi. Nikavibeba kichwani hadi Ihembe.

Ulikiweka kile kifuniko mapajani, wewe usiyejua kusoma, ukanitazama mimi niliyemaliza la saba. "Koku, hii ni yake?"

Tata, sikuelewa hata neno moja pale. Herufi nyingine zilifanana na zetu, nyingine zilikuwa kama zimegeuzwa mgongo. Nilijiambia ni Kichina. Hapana, leo niseme kweli: sikujiambia chochote. Nilikuwa naziona mbavu zako. Nikasema, "Ndiyo, Tata. Ni yake."

Ulikula siku hiyo hiyo. Kesho yake tukalifunga bawa kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, kama mwili wa mtu, mwinjilisti akaomba, na tukafukia. Kifuniko ukanipa nikitunze. Miaka yote hiyo ulikuwa unakaa pale kaburini, unamsimulia habari za kahawa, unammiminia pombe ya kwanza ya rubisi kabla hujaonja wewe. Nami nikauamini uongo wangu mwenyewe. Mtu akiurudia sana hausikii tena.

Wiki iliyopita akaja mgeni kwa baiskeli kutoka Nyakahanga. Mstaafu, alikuwa fundi wa ndege kwenye kikosi cha Kaka, amesikia msiba wako kwa kuchelewa. Mama akaenda kumpikia chai. Nami kwa kiherehere changu nikamletea kifuniko akione. Akavaa miwani, akakigeuza mara mbili. Kisha akasema taratibu, "Dada, hiki ni Kirusi. Zetu zote ziliandikwa Kichina."

Nilimbishia! Nikamwambia amezeeka, macho yamekwisha. Wala hakukasirika. Alisema, "Mimi ndiye niliyekuwa nafungua na kufunga vifuniko hivi kila asubuhi." Akaniambia pia kwamba Kaka aliruka kuelekea ziwani, nao wakamsubiri uwanjani mpaka wakajua mafuta yake yameshakwisha. Hakuna aliyeokota chochote. Ziwa lote lile, Tata, tumtafute wapi?

Kwa hiyo uliyelala naye simjui. Ni bawa la ndege iliyokuja kutuua. Rubisi yote ile, maneno yote yale!

Sijui Mama alisikia kiasi gani kule jikoni. Alitoka na chai, akamuuliza mgeni kama sukari inatosha. Ila kesho yake asubuhi, tukiwa tunamenya ndizi, akaniambia siku yake ikifika nimlaze upande wa pili, ili mtoto awe katikati yenu. Hakunitazama usoni. Nikamwambia sawa.

Mgeni alipoondoka kifuniko nilikitupa chooni. Jana, Mama akiwa kanisani, nikachukua jembe nikaenda kulifukua na lile bawa. Nilipiga mara tatu nikashindwa. Nikilitoa, Kaka hana mahali popote duniani, na wewe utabaki umelala ubavuni mwa shimo. Nikamfikiria na huyo aliyeanguka nalo, nikakosa cha kufikiri. Kumsamehe siwezi, na hasira nayo siioni ilipo. Nimechoka tu. Nilikaa pale udongoni mpaka kengele ya kanisa, nikarudishia udongo, nikanawa mikono.

Nisamehe, Tata. Lakini usiniulize kama ningerudia, kwa sababu ungekufa mwaka ule ule, nami ningekuwa nimezika watu wawili badala ya bawa. Najua jibu langu, na linanitia aibu.

Lala sasa, mzee wangu. Nakuahidi sitaligusa tena. Mama nitamlaza alipotaka, na maadamu yuko hai, huyo wa kati ni Evodi. Nitakapobaki peke yangu, mtu akija akaniuliza yule aliyelala katikati ya wazazi wangu ni nani, sitadanganya mara ya pili. Nitamwambia ni mtoto wa watu.

Mwanao,
Koku