Waliofunga Mlango na Baba Yangu

Baba, shikamoo.

Mvua za vuli zimeanza. Mama amepanda maharage kule bondeni, na kwenye shamba la ujamaa safu yako analima mtu mwingine. Naanza na habari ndogo kwa sababu ile kubwa sijui niianzeje.

Ulirudi kutoka hospitali ya Dar es Salaam uso umepinda upande wa kushoto, jicho halifumbi, chai ikivuja mdomoni. Daktari alikwambia ni kansa ya tezi ya mate, ugonjwa aliouona kwa watu wachache mno. Nikadhani uko peke yako duniani. Kumbe wodini ulikutana na wawili wenye ugonjwa huohuo, nao ni wa milima yetu hii: Bi Mwanaisha wa Bungu na Mwalimu Yohana wa Rangwi. Wakaja, nyuso zimepinda kama wako. Mkaingia chumbani, mkafunga mlango.

Ikawa kila Alhamisi, baada ya soko. Wanataka nini? Mgonjwa anamtembelea mgonjwa mwenzake kwa faida gani? Na mlikuwa mnacheka, Baba! Sisi wa nyumbani hukutuchekea hata siku moja. Mimi hata jina uliacha kuniita. Ukinihitaji, unagonga kikombe.

Nikatega sikio. Nikawasikia mkirudia pamoja, polepole: "Papa. Baba. Bibi. Papa." Halafu sauti ya Bi Mwanaisha: "Bado. Rudia." Nywele zilinisimama. Kwenye upenyo wa mlango nikamwona anakupangusa jicho kwa pamba, kwa maji ya kichupa alichokuja nacho. Nilipomsimulia Mjomba, akasema, "Huo ni uganga, mwanangu. Wanamhamishia baba yako ugonjwa wao." Nilimwamini. Nadhani nilitaka kumwamini.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamwambia nyumbani kwetu kuna wageni wanafanya mikutano ya siri. Unajua neno hilo lilivyotisha kipindi kile. Alhamisi iliyofuata akawasimamisha uani, akawataka barua za ruhusa za vijiji vyao. Hawakuwa nazo, akawakataza kurudi. Mwalimu alishuka mteremko ameshika taya, hakugeuka nyuma. Wewe ulisimama dirishani ukiwatazama. Hukuuliza nani kawasema. Nikakushuku hata wewe: mbona haulizi?

Hukucheka tena. Kabla mahindi hayajakomaa ukatutoka.

Kwenye arobaini yako Bi Mwanaisha akaja peke yake. Mwalimu naye alikuwa ameshazikwa Rangwi. Aliketi na wanawake jikoni akamenya viazi, nami nikaifuata mikono yake kwa macho mpaka akaondoka. Hakugusa kitu kisichomhusu. Usingizi ukanihama. Wiki iliyofuata nikaenda Bungu, nusu kwa lori la mboga, nusu kwa miguu.

Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwamkia, kisha nikasema kabla sijakaa, "Mama, ni mimi niliyekwenda kwa balozi."

Hakuinua uso. "Najua. Baba yako alikuona unatoka kule. Alimwandikia Mwalimu: msimchukie binti yangu, anaogopa kunipoteza."

Nikaketi, nikamuuliza juu ya yale maneno mliyokuwa mkiyarudia chumbani. Akacheka kwa nusu ya mdomo. Alisema mdomo ukipinda, b na p hupotea, na mlikuwa mnafundishana kuzitamka upya. Kile kichupa kilikuwa na maji ya chumvi yaliyochemshwa, ya kuosha jicho lisilofumba. "Baba yako hakutaka kukuita kabla hajaweza kulitamka jina lako sawasawa. Habiba lina b mbili. Lilimtesa."

Nikaomba niione barua. Akasema ilibaki kwa Mwalimu, labda ilichomwa pamoja na vitu vyake. Basi njia nzima ya kurudi nikashuku kwamba ameitunga ili nisilie. Hata leo, Baba, kuna asubuhi naamka nikishuku hivyo. Ningepewa mstari mmoja tu wa mwandiko wako! Sikupewa. Ninasamehewa na mtu ambaye siwezi kumuuliza.

Lakini kuna jambo lingine. Bi Mwanaisha uvimbe umemrudia, hawezi tena safari za kila wiki. Zirai kuna mkulima ametoka hospitali na ugonjwa huohuo, na mkewe anamficha ndani. Siku ileile, kabla sijaondoka kwake, aliniomba niende nikamfundishe.

"Mimi? Mimi siumwi."

"Masikio unayo," akasema. "Pale mlangoni ulitusikiliza wiki ngapi?"

Nikaona aibu, kisha nikacheka. Yeye pia.

Nimechukua barua ya kijiji. Balozi alinitazama sana alipoiandika, nami nikamweleza yote, hata uongo wangu. Jumatatu naondoka. Wanasema yule mke ni mkali, hapokei mgeni, amewahi kumfukuza hata mganga wa zahanati. Nakuahidi nitaanza na yeye kabla ya mgonjwa. Nitaketi naye jikoni hata kama itachukua siku mbili, aniulize kila anachokishuku, na nitamjibu bila kuficha.

Lala salama, Baba.

Ni mimi mwanao.