Msomaji Wangu wa Kila Siku

Shoga, leo nimeumbuka! Nimejifungia chooni hapa ofisini.

Unamkumbuka yule msomaji wangu? Yule anayefungua ukurasa wangu wa maelekezo ya programu kila siku, saa mbili asubuhi? Si nimejisifu naye kikaoni, mbele ya bosi!

Kaka wa takwimu akacheka: "Dada, huyo ni wewe. Hukuitoa kompyuta yako kwenye hesabu ya wasomaji."

Mimi! Nikifika kazini naufungua kuuhakiki, kumbe najihesabu. Mwaka mzima!

Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Na nilivyokuwa namrahisishia sentensi, namwekea picha, asihangaike peke yake, maskini.

Nakutumia linki. Usisome, shoga. Fungua tu.