Bahari Imetoka Kidogo, Itarudi

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada, na jina langu halisi nimeliacha nyumbani kwa makusudi. Wateja wananiita Feni, nawe niite hivyo hivyo. Nimemaliza shule mwaka huu, nasubiri matokeo, na huku nikisubiri namsaidia mjomba kwenye studio yake ya picha, ambayo ina pazia maarufu la bahari alilolichora mwenyewe mwaka niliozaliwa, lenye maji ya buluu kama sabuni ya unga, mashua moja nyeupe, na jua lililo upande wa kushoto ingawa vivuli vyote navyo vimeangukia kushoto. Watu huja na nguo zao nzuri, wanasimama mbele ya pazia, mimi nachuchumaa pembeni na feni ya umeme nikiwapepea ili gauni lipeperuke kama wako ufukweni, na ndiyo asili ya jina langu. Kazi hiyo inanifaa kwa sababu nina aibu sana, shuleni nikiitwa kujibu swali nilikuwa nasahau hata lile ninalolijua, na mshika feni hatakiwi kusema kitu.

Sasa Mshauri, bahari ya kweli iko mwendo wa saa moja na nusu kwa basi kutoka kwetu, lakini wateja wetu wengi hawajawahi kuiona, na mjomba naye hajawahi kuiona. Pazia alilichora kwa kuangalia kalenda. Ukimuuliza mbona hajaenda anasema, “Bahari ninayo dukani, niifuate ya nini?” na watu wanacheka, naye anacheka, kisha anafuta lenzi ambayo tayari ni safi.

Studio hufungwa Jumatatu. Tangu nimalize shule, kila Jumatatu napanda basi lolote hadi mwisho wa njia, peke yangu, na daftari, na nikifika naandika choo kiko wapi, kivuli kiko wapi, basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi na kama kuna mbwa. Nimepanda mnara wa taa wenye ngazi mia moja na kumi na mbili, ambao mlinzi wake anakuruhusu ukimsalimia kwanza kabla ya kuomba, nimefika kwenye maporomoko madogo nyuma ya kituo cha pampu za maji ambako lazima ubebe soksi za kubadilisha, na nimefika ufukwe ulio ng'ambo ya mashamba ya chumvi, ambao ndio naupenda kuliko kote. Huko nilikwenda mara mbili, Jumatatu zilizopishana wiki mbili, na mara zote maji yalikuwa yamejaa saa tano asubuhi, kwa hiyo niliandika kwenye daftari, “Maji yapo saa tano,” kama mtu anavyoandika saa za benki.

Basi siku moja alikuja mteja tunayemwita Mama Mapacha kuwapigisha picha mabinti zake, na mmoja wao akalitazama pazia akauliza, “Mbona maji hayasogei?” Sijui mdomo wangu ulifunguliwa na nani, nikasikia nasema, “Ya kweli yanasogea, naweza kuwaonyesha.” Mama Mapacha huongea na kila mtu kama yuko upande wa pili wa barabara. Akasema, “Lini?” Namshukuru Mungu mjomba alikuwa chumba cha nyuma. Mimi nilidhani nimemjibu mtoto, kumbe nimeanzisha safari, maana ndani ya wiki mbili mama huyo alikuwa amekusanya watu ishirini na watatu kutoka saluni yake na mtaa wake mzima, na basi dogo amelipata kwa shemeji yake, na siku ni Jumapili.

Jumapili ni siku ya kazi, Mshauri, kwa hiyo nilimdanganya mjomba. Nilisema naenda kumwona rafiki yangu wa shule anayeumwa. Mjomba hakuuliza swali hata moja, alitoka akaenda gengeni akarudi na machungwa sita, akasema, “Mpelekee. Mwambie apone haraka.”

Tulifika ufukweni saa nne. Nilitangulia kushuka, nikapita mwanya kati ya vichaka, nikakuta bahari haipo. Sisemi kwamba ilikuwa mbali kidogo. Haikuwepo. Kulikuwa na tope linalong'aa, mawe na majani ya baharini, na mbali sana mstari mwembamba kama uzi. Watu ishirini na watatu wakasimama nyuma yangu na vikapu vyao, na dereva akauliza kwa sauti, “Dada Feni, bahari yako iko wapi?”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini ardhi nayo ilikuwa imejaa tope, na wote walikuwa wananitazama, na hakukuwa na feni ya kujificha nyuma yake. Nikasema, “Imetoka kidogo. Itarudi.”

Halafu Mama Mapacha akaangua kicheko hadi akaketi juu ya kikapu chake. “Imetoka! Imeacha ujumbe?” Wakacheka wote, nami nikacheka, na aibu ikanitoka kama koti zito linalovuliwa. Nikavua viatu, nikasema basi twende tukaone nyumba yake wakati mwenyewe hayupo. Tukatembea juu ya sakafu ya bahari, Mshauri! Tuliona kaa wanaokimbia upande upande, viti vya pweza vyekundu vyenye umbo la nyota, na vidimbwi vyenye samaki wadogo kama sindano, na mimi ndiye niliyekuwa naonyesha, napiga kelele “Huku! Huku!”, na watu wazima wananifuata. Saa saba maji yakaanza kurudi, yakija taratibu yakijaza nyayo zetu, na yalipofika miguuni watu walipiga makofi, wananipigia mimi, kana kwamba nimeyaita. Machungwa ya mjomba tuliyala tukiwa tumekaa majini.

Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote za maisha yangu na siwezi kuisimulia nyumbani.

Wiki iliyofuata wateja wakaanza kuleta picha za simu zao zichapishwe studio kwetu. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kompyuta, kwa hiyo zile nilizomo nilizificha, zote tisa. Mjomba akachukua mojawapo ya zilizobaki, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, “Bahari hii ni ya wapi?” Nikasema, “Sijui, mjomba.” Akasema polepole, “Kumbe ina rangi ya udongo.”

Kesho yake asubuhi nilimkuta juu ya ngazi, ana brashi, ile picha ameibana kwa meno, anapaka rangi ya udongo chini ya mawimbi ya pazia lake. Aliponiona akasema, “Miaka yote hii watu wamesimama mbele ya makosa yangu.”

Nilikwenda stoo nikalia. Na siku hiyo hiyo Mama Mapacha akaingia dukani, akasema kwa ile sauti yake, “Feni, bahari inatoka lini tena?” nikaangusha feni chini, na mjomba akadhani ni mzaha wa pazia. Watu wanataka safari nyingine. Orodha ina majina ishirini na sita. Nikimwambia mjomba nitakuwa nimemuumiza, kwamba nimeipeleka mitaa yote baharini nikamwacha yeye na brashi. Nikinyamaza naona kila siku namuumiza zaidi. Je, niache hizi safari nirudi kushika feni yangu, au nifanye nini?

Feni

*

Feni mwanangu, marahaba.

Kwanza pongezi, maana naona umesahau kujipongeza. Watu ishirini na watatu, tope mpaka magotini, bahari imekukimbia, na kila mmoja akarudi nyumbani akitaka kwenda tena! Kuna watu wamesomea kazi hiyo na hawaiwezi. Kwa hiyo lile swali la kuacha safari nimelitupa, usiniletee tena.

Sasa nikuseme kidogo. Umeweza kusimama mbele ya halaiki ukasema bahari itarudi, na ulikuwa huna uhakika hata chembe. Halafu mtu mmoja, mjomba wako wa damu, aliyekununulia machungwa ya mgonjwa asiyekuwepo, anakuuliza swali la maneno matano na unamjibu “sijui.” Safari haikumkosea. Hata uongo wa rafiki mgonjwa ni uongo wa kitoto, atakugombeza utaisha. Ila hiyo “sijui” ndiyo ya kuombea radhi, kwa sababu siku ile alikuwa anakuuliza njia.

Soma tena ulichoniandikia. Mwanamume anapanda ngazi asubuhi na mapema, picha kwenye meno, anarekebisha rangi ya maji ambayo hajawahi kuyakanyaga. Unadhani huyo analilinda pazia? Huyo anaitamani bahari mpaka inamuuma, na kwa miaka yote aliyosema “ninayo dukani” watu wamecheka, hakuna hata mmoja aliyesema “basi twende wote.” Umekaa pembeni yake na daftari lenye saa za mabasi, nawe hukusema.

Fanya hivi. Kesho, kabla hujawasha feni, chapisha, kati ya zile tisa ulizoficha, ile picha ambayo mdomo wako uko wazi kuliko zote. Chapa kubwa. Mpe mkononi, useme “bahari hii naijua ni ya wapi, na niliyekwenda ni mimi, nisamehe.” Maneno yasizidi hapo, maana nakujua, utaanza kujieleza tangu darasa la kwanza. Akikasirika, mwache akasirike, huna pa kukimbilia na duka ni dogo. Akinyamaza, kaa naye kwenye kimya hicho. Kisha mwambie safari inahitaji mpiga picha, na kwamba hutaki mwingine.

Na wewe, nenda ofisi ya bandari ukaombe jedwali la maji kupwa na maji kujaa. Bahari haina saa za benki. Kila siku inachelewa karibu saa nzima. Watu wako wameipenda ilipokuwa imetoka, kwa hiyo wapeleke ikiwa imetoka, lakini safari hii ujue inarudi saa ngapi kabla hujawatembeza watu ishirini na sita juu ya sakafu yake. Ulichokipata kwa kukosea, sasa kipate kwa ratiba.

Mshauri

*

Mpendwa Mshauri,

Nilifanya, na ninakuandikia nikiwa na mchanga kwenye viatu.

Picha niliichapa kubwa kama ulivyosema. Mjomba aliishika mbali, kisha karibu, akauliza, “Huyu anayepiga kelele ni nani?”

“Ni mimi, mjomba.”

“Wewe? Unapiga kelele?”

“Ndiyo. Na bahari ile naijua ni ya wapi. Nisamehe.”

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikakaa naye kwenye kimya kile, kilikuwa kirefu sana. Mwishowe akauliza, “Na yale machungwa?”

“Tuliyala.”

“Yalikuwa matamu?”

“Moja lilikuwa chachu.”

“Nilijua,” akasema. “Yule muuzaji ananionaga mjinga.” Na akatazama upande wa pazia, akafuta lenzi, na sauti yake ilikuwa imebadilika alipouliza safari ni lini.

Jedwali nililipata. Mhudumu wa bandari aliniuliza nalitaka la nini, nikamjibu bila kuangalia chini: “Naongoza safari.”

Jumapili watu walikuwa tayari kwenye basi, tukimsubiri mjomba peke yake, tukamwona anakuja na kamera shingoni na pazia zima limekunjwa begani kama mtu anayehama. Mama Mapacha akamwita dirishani, “Mjomba, unaipelekea bahari bahari?” Akajibu, “Naipeleka ikasahihishwe.”

Tulilifunga pazia kati ya miti miwili ya vichakani, na Mshauri, watu walipanga foleni! Walitaka kupigwa picha mbele ya bahari ya kuchorwa huku ya kweli ikiwa imetandaa pande zote mbili, na upepo ukawapeperushia magauni na vitambaa na hata mashua nyeupe ikawa inatikisika kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Sikushika feni siku hiyo. Mikono yangu miwili ilikuwa mitupu, nikawa naitumia kuonyesha.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Nataka ujue ya mwanzo. Tulipofika nilimpitisha mjomba peke yake, mbele ya wote, kwenye ule mwanya wa vichaka. Maji yalikuwa yamekupwa, kama jedwali lilivyosema. Akasimama na viatu vyake vya dukani kwenye tope. Akatazama kushoto, akatazama kulia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwa wenyeji akakuta mlango umefungwa. Watu wote walikuwa nyuma yetu na walikuwa wamejibana vinywa wasicheke, maana walijua kinachokuja.

“Feni,” akasema, “bahari yako iko wapi?”

Nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye basi, “Imetoka kidogo, mjomba. Itarudi saa saba na robo.”

Ilirudi saa saba na dakika kumi. Alikuwa ameshakunja suruali.

Feni

*

Feni, safari ijayo niwekee kiti cha dirishani. Machungwa nitaleta mimi, ya watu wazima wa afya.

Mshauri