Kaa Moja, Jina Moja

Zafarani mdogo wangu, shikamoo yako imenifikia. Marahaba, marahaba mara mia. Mgongo wako umepoa? Mimi nipo, magoti tu ndiyo yananisuta. Anayeandika ni mkwe wangu Yohana, yule anayefuta vioo vya taa ya mnara unaoongoza meli hapa Ras Mkumbi. Nasema, anaandika, anakunja uso. Kunja, baba, lakini andika.

Mwewe kanimalizia vifaranga. Lakini siyo hayo. Nimemwona Mwinyi Kombo! Yule aliyetununua Kilwa, sisi akatuuza Bagamoyo, akabaki na mwanao Mauya, bado ana mapengo ya utoto. Kumbe kwao ndiko huku, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Macho yameingia mtoto wa jicho, watumwa wametawanyika, wanawe hawamtaki.

Asubuhi moja kaja na fimbo, kifuu mkononi. "Hodi, jirani. Naomba kaa la moto." Nikaijua sauti. Na wajua mtu hanyimwi moto, hata adui hupewa. Nikamwambia, "Moto upo, Mwinyi. Kaa moja, jina moja."

"Jina gani?"

"La mtu uliyemuuza. Litaje kwa sauti, na ulikompeleka."

"Kizee mwendawazimu!" Akapapasa hadi kwa jirani yetu Bi Mwanaisha. Bi Mwanaisha, Mwislamu mwenzake, mtu wa swala tano, akamjibu, "Kwangu umezimika, mzee. Nenda kwa Faida." Na moshi unafuka jikoni kwake! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku mbili mzee alitafuna nazi. Ya tatu akarudi, akataja.

Yohana ananikatiza hapa: "Mama, Padre alifundisha, anayemchukia mwenziwe yu gizani." Najua, nilikuwepo! Siku ya ubatizo nilishika mshumaa, nta ikaniunguza kidole, sikuuachia. Lakini Padre huyo huyo alisema taa haifunikwi na pishi, na lililofichwa litatoka mwangani. Basi mimi naanika. Kama niko gizani tuko wawili, yeye macho, mimi moyo, tutapapasana mpaka Kristo atuamue.

Majina kumi na moja sasa, majirani wanasikia, na kila akitaja ni kama anavuliwa nguo mbele yao. Nafurahi, Zafarani. Mungu anajua nafurahi.

Leo alikuja uani, akaninyoshea kifuu. Kisha akasema, "Mauya. Nilimpa bibi mmoja wa Chole, msuka mikeka. Mauya yuko huko hata leo, ana wajukuu."

Chole! Mwendo wa siku mbili kutoka hapa, na sisi miaka yote tunamwombea kama maiti. Nikampa kaa kubwa. Akalipuliza, likamng'arisha uso, naye haoni. Sijamsamehe. Nikienda Chole Jumapili, jiko namwachia Bi Mwanaisha, na sharti ni lile lile.

Nisalimie shemeji yangu mpishi wa misheni, na shoga yangu Ana mfuaji. Mwalimu anayekusomea asiruke neno. Wewe funga mzigo, njoo umwone mwanao mchana kweupe.

Ni mimi dada yako Faida. Kidole nimetia hapa kuwa sahihi yangu, kwa masizi ya jiko lile lile.