Kibao cha Hafod Wen

KITUO CHA POLISI, LLANGARWEN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Meinir Breese
Umri: Miaka 64
Kazi: Muuza jibini na siagi sokoni
Makazi: Ghorofani, juu ya duka la sufu, Mtaa wa Soko (imesahihishwa)
Tarehe: 11 Februari 2025

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Jumapili Konstebo Tibbott alipopita nyumba kwa nyumba nilimwambia sikuona kitu. Nilimdanganya, na ni kijana ninayemjua tangu anavaa kaptula.

Hafod Wen ni nyumba ya wazazi wangu. Mama alipofariki, kaka yangu alichukua shamba na kondoo, mimi nikapata nyumba. Deiniol, mtoto wa kaka yangu, anataka kuoa, akaniomba nimuuzie. Alisema nimsubiri mpaka baridi iishe, benki imjibu. Nikamwambia, "Usiwe na haraka, nyumba haina miguu." Mnamo mwezi wa Novemba akaja Bi Pauline Tranter, mjane Mwingereza kutoka Wolverhampton, fedha zake tayari. Nikamuuzia. Deiniol nilimwambia wakala wa nyumba ndiye aliyenibana. Hakuna aliyenibana. Nilichoka na paa linalovuja, nikaona bora nimalize.

Pembeni ya mlango wa nyumba ile kuna kibao cha jiwe jeusi chenye jina la nyumba, alikiweka babu yangu. Hapa kwetu wageni wakinunua nyumba hubandua jina la Kiwelshi, lugha yetu, na kuweka la kwao la Kiingereza, Nyumba ya Waridi au kitu kama hicho. Mtu akiegesha gari vibaya atasamehewa. Hilo la jina hasamehewi.

Mnamo tarehe 8 Februari, Jumamosi, siku ya soko, nilipita asubuhi nikienda kupanga meza yangu, nikaona kibao hakipo. Palikuwa na matundu ya skrubu tu. Naomba iandikwe kama ninavyosema: nilifurahi. Tangu Novemba watu walikuwa wananitazama mimi niliyeuza. Sasa wangemtazama yeye.

Sikugonga mlango kumuuliza. Nilikwenda sokoni, nikamwambia Glenys muuza mayai, "Kaling'oa jina."

"Acha!"

"Nimepita sasa hivi. Ukuta mtupu."

"Mbona haraka hivyo? Si angengoja kwanza tumzoee ndipo atuudhi?"

Tulicheka. Kabla ya saa sita mchana soko zima lilikuwa na habari hiyo. Deiniol alitoka kwenye mnada wa kondoo, akaja mezani kwangu.

"Shangazi, ni kweli?"

"Nenda kaangalie mwenyewe."

"Na wewe uliniambia nyumba haina miguu."

Nilimkatia kipande cha jibini. Hakukichukua.

Jioni hiyo, yapata saa moja kasorobo, nilikuwa dirishani kwangu. Chumba changu kinatazamana na Hafod Wen na taa ya barabarani ilikuwa inawaka. Nilimwona Deiniol na kopo. Alimwaga rangi ukutani, pale pale kilipokuwa kibao. Lau ningefungua dirisha na kumwita jina lake angeacha, maana tangu utoto wake sauti yangu inamsimamisha. Nilivuta pazia. Nikiwa bado nimelishika nikasikia kioo kikivunjika. Alikuwa amerusha lile kopo. Bi Tranter alikuwa amesogea dirishani kuona kuna nini, kioo kikamkata, na ameshonwa juu ya jicho.

Kulipokucha ukuta ulikuwa wa kijani. Ile ni rangi ya kutilia kondoo alama. Kila shamba hapa lina rangi yake, na kijani kile ni chetu. Watu waliokuwa wakienda kanisani waliutazama ukuta, kisha wakatazama juu dirishani kwangu, wakapita. Konstebo alipowauliza, mtaa mzima ulikuwa haujawahi kuona rangi ya kondoo maishani.

Jana, Jumatatu, asubuhi, lilikuja gari la Hopcyn, mchonga mawe. Alishuka na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Bi Tranter alitoka, bandeji usoni. Nilishuka na mimi, kwa sababu majirani walikuwa nje na kutoshuka kungeonekana. Hopcyn akafunua. Kilikuwa kibao chetu. Herufi zake zilikuwa zimelika hata hazisomeki, sasa zimechongwa upya, jina ni lile lile.

Hopcyn aliniambia, "Alikileta Ijumaa. Nikamwambia kipya ni rahisi zaidi. Akagoma, anataka hiki hiki."

Bi Tranter akasema, "Nilitaka kukufanyia mshangao, jirani. Nikuite chai, ukione kimerudi. Hebu sikiliza: Hafod Wen. Nimelitamka sawasawa?"

Nikamwambia amelitamka sawasawa.

"Basi nishikie upande huo, fundi akaze skrubu."

Nilishika. Kwa mvua hizi ile rangi ilikuwa haijakauka, ikanishika vidoleni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nimewakosea nini watu wa hapa? Wanangu wananiambia niuze nirudi. Kama unajua kosa langu niambie, nitalirekebisha."

Nilimjibu kwamba sijui. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado nilimjibu kwamba sijui. Akanishukuru kwa kushika jiwe.

Jana hiyo hiyo alasiri nilipanda shambani nikamwambia Deiniol habari ya kibao, nikamwambia na ukweli wa wakala. Akasema, "Kumbe kioo cha kuvunja kilikuwa chako, shangazi." Amekuja nami leo, yuko kwenye benchi hapo nje. Kopo alilirusha yeye. Maneno yaliyomtuma nilitoa mimi, na pazia nilivuta mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: M. Breese

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, bila kumshurutisha shahidi. Alipoulizwa makazi alitaja Hafod Wen, kisha akaomba nifute. Baada ya kusaini aliuliza kama Bi Tranter ataelezwa yaliyomo. Nilimjibu kwamba kuelezwa ni haki ya Bi Tranter. Akasema, "Basi asiyasikie kwako." Deiniol Breese aliingia baada yake kutoa maelezo. Kabla hatujaanza, tulimwona shahidi kupitia dirisha la kituo akivuka barabara hadi Hafod Wen, akasimama mbele ya kibao, akagonga mlango.

H. Tibbott, Konstebo